Gurudumu la mkia: miguu isilegee baada ya kugusa chini

Wadogo zangu mnaoanza kurusha ndege ndogo zenye magurudumu makubwa mawili mbele na dogo mkiani, kama Super Cub au Cessna 180, huku Dodoma, angalieni zinavunjikia wapi. Mara nyingi imeshagusa chini, mwendo umeshapungua, rubani ameshashusha pumzi, ndipo inapojizungusha ghafla: bawa linakwangua ardhi, guu la ndege linakunjika.

Tatizo ni uzito. Kitovu chake kiko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo mkia ukianza kwenda pembeni, uzito unauzidishia, kama mkokoteni unaosukumwa kinyumenyume. Ndege ya gurudumu la pua hujinyoosha yenyewe. Hii ikiachwa haijinyooshi. Halafu kadiri mwendo unavyopungua, hewa inayopita kwenye usukani wa mkia nayo inapungua, pedali za miguu zinazouongoza usukani huo zinakuwa laini, na inabidi ukanyage zaidi. Mgeni hapo hapo ndipo anapolegeza miguu.

Kanyaga kidogo kidogo na mapema, achia mara tu pua inapoitika. Ukingoja uone imeshakwenda, umechelewa. Macho yawe mwisho kabisa wa njia, na mkia ukiwa chini pua ikaziba mbele, tumia kingo za njia. Buti za soli nene ziacheni nyumbani: mguu haujui kama umekanyaga usukani au breki, na breki ya ghafla inaipindua ndege, pua chini mkia juu.

Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 30, hewa ni nyepesi: kipimo cha mwendo kikisoma maili 60 kwa saa, bila upepo ardhi unaipita kwa 66 hivi. Nishati ya mwendo inayopaswa kuzimwa ili ndege isimame inaongezeka kwa kama asilimia 20. Lakini usidanganyike na ardhi inayokimbia ukapunguza mwendo. Fuata kipimo, la sivyo mbawa zitakosa hewa ya kukubeba kabla hujafika.

Kiangazi kuna upepo wa kusini mashariki, na mchana visulisuli vya vumbi. Mimi wanafunzi nawataka asubuhi, kabla ya saa nne; wanaonuna wanune. Upepo ukitoka ubavuni, inamisha bawa la upande unakotoka na gurudumu la upande huo liguse kwanza. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo uwanjani, ikigeuka geuka, usitue; paa, zunguka uje tena.

Ukidunda, usisukume mbele fimbo ya kuinulia na kushushia pua, propela itapiga chini. Ongeza nguvu ya injini, upae upya.

Lami inashika matairi, udongo unasamehe kidogo. Ila viwanja vya udongo vya vijijini pita juu kwanza, ng'ombe hawasomi ratiba.

Na ikijizungusha ikasimama bila mkwaruzo, usiirushe kurudi nyumbani. Fundi aangalie viungo vya miguu ya ndege na ncha za mbawa, na propela ikigusa chini hata kidogo, injini nayo ikaguliwe.