Kampuni ya kubeti ikivunja dago: jibu kwa mdogo wetu wa Wete

Waalaykum salaam mdogo wetu. Ujumbe wako umefika. Unasema kuna kampuni ya kubeti mpira mtandaoni, inahamia nchi mpya, inatafuta watu wa huduma kwa wateja haraka haraka. Mshahara yuro 1,800 kwa mwezi, tiketi juu yao, pa kulala juu yao. Unataka kujua kama uende na maisha ya huko yakoje. Na mama kaongeza la kwake: pesa hiyo ni halali? Sisi tulioko Malta, kwenye hizo hizo ofisi za kubeti, tunaulizwa haya karibu kila wiki, na tabu ni kwamba wengi huuliza wakiwa wameshapanda ndege.

Anza na hilo neno "inahamia". Wewe ni mtu wa Pemba, dago, yaani kambi ya wavuvi ya msimu, unalijua. Msimu ukigeuka wavuvi hawahamishi mji, wanavunja kambi, na kinachopakiwa mwanzo ni nyavu na mashine. Mpishi wa dago, kama hakupata nafasi chomboni, anajitafutia pa kupandia. Kampuni hizi ndivyo zilivyo. Nyavu zao ni jina la tovuti, orodha ya wateja na akaunti za kupokelea pesa. Wewe wa huduma kwa wateja ndiye mpishi.

Na hazihami kwa kupenda upepo. Marekani ina sheria ya 1961 inayokataza kupokea dau za michezo kwa waya, yaani simu na baadaye intaneti, kuvuka mipaka ya majimbo na nchi. Ndiyo maana miaka ya 1990 wapokeaji dau wa Wamarekani walikimbilia Antigua na Costa Rica. Costa Rica haikuwa hata na leseni ya kubeti mtandaoni. Kampuni zilijiandikisha kama za kuchakata data, basi, kazi ikaanza. BetOnSports ilikuwa kubwa huko, na hisa zake zikiuzwa London. Julai 2006 mkurugenzi wake mkuu, David Carruthers, alikamatwa uwanja wa ndege wa Dallas akibadilisha ndege kutoka Uingereza kwenda Costa Rica. Mwezi uliofuata shughuli za Costa Rica zikafungwa. Mtu wa zamu ya usiku San José hakuwa amevunja sheria yoyote ya nchi aliyokuwemo, na kazi ikamtoka vile vile. Oktoba ya mwaka huo Marekani ikapitisha sheria nyengine ya kuyabana mabenki yasipitishe malipo ya kamari ya mtandaoni, na wengi wakajiondoa sokoni wenyewe.

Ufilipino ni mfano wa karibu zaidi, na mawakala wanaokufuata leo wengi wanazungumzia mabaki yake. Leseni za kamari ya mtandaoni kwa wateja wa nje zilianza 2016. Tarehe 22 Julai 2024 Rais Ferdinand Marcos Jr. alitangaza bungeni kwamba zote zife ifikapo mwisho wa mwaka. Wafanyakazi wa kigeni wakatakiwa kubadilisha viza zao za kazi kuwa za mgeni wa muda hadi katikati ya Oktoba, na kuondoka kabla ya mwaka kwisha. Miezi mitano na siku chache, tangu hotuba mpaka begi.

Curaçao hawakufukuza mtu, walipandisha kizingiti. Zamani wenye leseni kuu walikuwa wanne tu, nao wakizigawa kwa mamia ya tovuti. Sheria mpya iliyoanza Disemba 2024 inamtaka kila mwenye tovuti aombe leseni yake mwenyewe serikalini na aonyeshe pesa zake zimetoka wapi. Wasioweza au wasiotaka wakatafuta bandari nyengine, na hapa utacheka: wengi wamekimbilia Anjouan. Ndiyo hiyo hiyo Nzuwani, Komoro, kwa jirani zetu. Usidhani kuna ghorofa la vijana wanapokea simu Mutsamudu. Ni karatasi tu. Watu wako kwengine kabisa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo tangazo halikwambii. Kampuni moja ya kubeti mara nyingi ni kampuni tatu au nne. Leseni iko kisiwani. Kampuni ya kupitisha malipo iko, tuseme, Kupro. Mitambo ni ya kukodi kwa mtu wa tatu. Na waajiriwa wako chini ya kampuni ya huduma iliyosajiliwa pale walipo, Malta, Georgia, Serbia, popote pa mishahara nafuu. Mkataba wako utasainiwa na hii ya mwisho, ambayo mara nyingi haina kitu zaidi ya viti na kompyuta. Siku ya kuhama inafungwa hiyo, na nyengine inafunguliwa nchi mpya. Utapewa mkataba mpya ukibahatika, na miaka yako ya kazi inaanza tena sifuri.

Haya, hesabu. Tuchukue Malta, kwa viwango vya 2025. Yuro 1,800 kwa mwezi ni 21,600 kwa mwaka. Asiye na mke wala mtoto halipi kodi kwa 12,000 za mwanzo, analipa asilimia 15 kwa 4,000 zinazofuata, yaani 600, na asilimia 25 kwa 5,600 zilizobaki, yaani 1,400. Mchango wa hifadhi ya jamii ni asilimia 10, yaani 2,160. Unabaki na 17,440, sawa na 1,453 kwa mwezi. Chumba kwenye nyumba ya kuchangia, maeneo ya Sliema, Gżira na St Julian's zilikojaa ofisi hizi, weka 550. Chakula cha kujipikia 250. Basi ni bure ukiwa na kadi yenye jina lako. Ukijibana unaweza kutuma nyumbani 400 na ukaweka kidogo. Si pesa ndogo kwa Wete, lakini si zile 1,800 ulizokwisha kuzipangia tofali.

"Nyumba juu yao" ipime vizuri. Nyumba ya kampuni inakwenda na kampuni. Ikifungwa utatafuta chumba chako, na kuingia tu kunataka kodi ya mwezi, dhamana ya mwezi, na dalali nusu mwezi pamoja na VAT ya asilimia 18. Kwa chumba cha 550 hiyo ni yuro 1,424 na senti, siku moja, ukiwa huna mshahara.

Kinachouma zaidi ni kibali. Kibali cha ukaazi na kazi cha Malta kwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya kimefungwa kwa mwajiri na kwa kazi ile ile. Kazi ikikatika, muda wa kutafuta mwajiri mwengine unahesabiwa kwa siku, na mwajiri huyo lazima akuombee upya. Notisi nayo fupi: miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio, na kuanzia hapo mpaka miaka miwili unastahili wiki mbili tu. Wakipunguza watu, sheria inasema wa mwisho kuingia ndiye wa mwanzo kutoka. Wewe unayeajiriwa kwa ajili ya kuhama ndiye wa mwisho kuingia. Ukipatwa na shida, ubalozi wetu wa karibu uko Roma, kwa hiyo usitegemee kwenda kwa miguu.

Kazi yenyewe ni kukaa. Zamu tatu: saa moja asubuhi hadi saa tisa, saa tisa hadi saa tano za usiku, na ile ya usiku kucha. Jumamosi saa kumi jioni za Malta ndipo mechi nyingi za Uingereza zinapoanza, kwa hiyo sahau Jumamosi. Sikukuu ya Idd ni siku ya kazi mpaka uombe likizo mapema. Una mazungumzo matatu, wakati mwengine matano, yamefunguka kwa pamoja. Huyu mkeka wake umeshinda, anataka pesa, na malipo yamezuiwa kwa sababu hajaleta paspoti, bili isiyozidi miezi mitatu, na picha ya kadi ya benki yenye tarakimu za katikati zilizofunikwa. Ameleta bili ya jina la mkewe. Utamweleza mara nne kwa maneno yale yale yaliyokwisha kuandikwa, naye atakutukana mara nne kwa maneno mapya. Yule mwengine anaandika saa tisa za usiku kwamba ameshapoteza mshahara na anaomba bonasi. Kwenye kampuni inayosimamiwa sawasawa, sentensi hiyo inakulazimu usimame, umpeleke kwa kitengo cha kuwalinda wachezaji, na akaunti ifungwe akitaka. Kwenye kampuni inayokimbiakimbia visiwa, msimamizi atakwambia mpe bonasi. Ukitaka kujua umeingia wapi, subiri usiku huo.

Na hilo linagusa swali la mama. Hatutazunguka. Kamari imekatazwa, Surat al-Maida aya ya 90, na aya ya 2 ya sura hiyo hiyo inakataza kusaidiana katika dhambi. Mashekhe wengi wanaifunga kazi ya ndani ya kampuni ya kamari kwa aya hizo mbili. Wapo wanaojipoza kwamba "mimi nahakiki paspoti tu". Muulize shekhe unayemwamini kabla ya tiketi, ukimweleza kazi ilivyo hasa, na mama mwambie ukweli pesa inatoka wapi. Akikataa isijenge nyumba yake, afadhali ujue sasa.

Sasa hatari kubwa kuliko zote. Wakala akikwambia kampuni imetoka Ufilipino au Kambodia na sasa iko "Thailand, karibu na mpaka", acha hapo hapo. Njia inajulikana: ndege mpaka Bangkok, gari kiasi cha kilomita 500 hadi Mae Sot, kisha mto Moei, na ng'ambo ni Myawaddy, Myanmar. Ukishavuka paspoti inachukuliwa, tiketi inageuka deni, na kazi si ya kubeti tena, ni kutapeli watu kwa mapenzi ya uongo na sarafu za mtandaoni. Februari 2025 makundi yenye silaha ya huko yalianza kuwakabidhi Thailand watu kutoka kambi hizo, na Waafrika walikuwemo, Wahabeshi na Wakenya kati yao. Dalili ni zile zile: usaili kwa Telegram bila sura, viza ya utalii "tutaibadilisha ukifika", na anwani ya ofisi isiyotajwa mpaka siku ya safari. Dubai nako, kwa kuwa una jamaa, jua kwamba kamari isiyo na leseni ya mamlaka yao iliyoundwa 2023 ni jinai. Ofisi ya kificho Dubai si kazi.

Kabla hujajibu, chukua kalamu. Muombe wakala jina kamili la kampuni itakayosaini mkataba, namba yake ya usajili, na namba ya leseni ya tovuti. Usibonyeze kiungo alichokutumia. Andika mwenyewe anwani ya mamlaka ya nchi hiyo, kwa Malta ni MGA, mamlaka ya michezo ya kubahatisha, utafute leseni kwenye daftari lao, uone kama jina la tovuti limo herufi kwa herufi. Mwenye leseni na mwajiri wanaweza kuwa kampuni mbili, hiyo kawaida, lakini akueleze zinahusianaje kwa maandishi. Mshahara uandikwe kabla na baada ya makato. Mji wa kazi uandikwe. Iandikwe nani analipa kibali, na kampuni ikihama tena nani analipa tiketi ya kukurudisha. Kifungu hicho cha mwisho wengi hukikwepa. Wakikataa kukiandika, umeshajibiwa. Mkataba upeleke Kamisheni ya Kazi usomwe. Hela ya "kufungulia viza" usimtumie mtu kwa simu.

Utaratibu wa halali wa Malta ni idhini ya kibali kwanza, viza ya kuingilia pili, ndege tatu. Ukifika, wiki ya kwanza uliza Jobsplus, shirika la ajira la serikali ya Malta, kama mwajiri amekuandikisha. Mshahara uingie benki, na karatasi ya malipo kila mwezi. Wakitaka kukulipa kwa sarafu za mtandaoni, hutakuwa na fomu ya FS3, ile inayoonyesha mshahara na makato yako, mwisho wa mwaka, na bila ya hiyo siku ya kuhuisha kibali utakuwa mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi. Ukipata nafasi ya kuchagua, omba kitengo cha kuhakiki malipo na utambulisho. Ujuzi huo benki wanaununua, kupokea matusi kwa maandishi hawaununui.

Na tangu mshahara wa mwanzo tenga pesa usiyoigusa mpaka ifike yuro 1,500: tiketi ya kurudi na chumba cha mwezi mmoja. Nakala ya paspoti, mkataba na namba ya leseni ziache kwa mama Wete, kwenye karatasi, sio kwenye simu yako.

Kampuni yenyewe hukututajia jina. Tutumie na namba ya leseni, tukuangalizie leo usiku.