Kabla joto la Julai halijakukuta Korea, jifunze kupika bibim guksu

Kila mwaka wanafunzi wapya kutoka kwetu wanatua uwanja wa ndege wa Incheon, karibu na Seoul, mwishoni mwa Februari au mwishoni mwa Agosti, muhula unapokaribia kuanza, na karibu wote wamejiandaa kwa jambo moja tu: baridi. Wamebeba makoti, soksi nzito na glavu. Habari za joto hakuna aliyewapa. Kisha Juni inaishia, mvua za jangma zinaanza, nguo hazikauki, na chumba cha goshiwon ulichopanga, vile vyumba vidogo sana vya bei nafuu, huenda hata dirisha hakina. Aliyekulia Tanga au Mombasa anadhani joto analijua, lakini nyumbani kuna upepo wa bahari na kuna baraza la kukaa jioni. Seoul mwezi wa Julai huna vyote viwili, na Daegu ndiyo usiseme.

Katika siku hizo hakuna anayetaka kusimama mbele ya sufuria ya maharage saa nzima. Mkipika jiko la pamoja na wapangaji wengine, foleni nayo inakuwa ndefu. Ndiyo maana nawasisitizia wadogo zangu mnaofika sasa: jifunzeni bibim guksu mapema, hata kabla joto halijaingia. Ni tambi nyembamba za ngano zinazopozwa kwa maji ya barafu, kisha zinachanganywa kwa mkono na sosi ya pilipili yenye uchachu na utamu. Tangu kubandika maji hadi kukaa kula ni kama dakika 20, na moto wenyewe unawaka nusu ya muda huo.

Naanza na lililo kubwa, ili hata ukiishia hapa usiondoke mikono mitupu. Sosi ukiikosea utairekebisha: ikizidi ukali ongeza sukari, ikizidi utamu ongeza siki. Tambi ukizikosea kwenye kuosha, basi tena. Nguvu yako yote iweke pale sinkini.

Tambi zinazotakiwa zinaitwa somyeon, na kwenye pakiti utaona 소면. Ni nyeupe, zimenyooka, nyembamba sana. Ukizichemsha na kuzimiminia supu ya dagaa ya moto zinakuwa janchi guksu, chakula cha harusi tangu zamani, kwa hiyo mzee wa Kikorea akikuuliza lini utamlisha guksu, anakuuliza utaoa au utaolewa lini. Zinauzwa duka lolote la vyakula, na pakiti ya karibu kilo moja ni won elfu chache tu. Usichukue dangmyeon, zile za kijivu zinazong'aa, maana hizo ni za wanga wa viazi vitamu na zina mapishi yake. Kipimo cha mtu mmoja ni gramu 100. Kama huna mizani, shika fungu la tambi kwa kidole gumba na cha shahada: unene wake ukilingana na sarafu ya won 500, hiyo ni sahani moja. Mwenye njaa ya kweli aongeze kidogo.

Sosi itengeneze kabla ya kuwasha jiko, kwa sababu tambi zikishaiva hazingoji. Kwa mtu mmoja chukua kijiko kimoja na nusu cha chakula cha gochujang, yaani rojo nzito ya pilipili, siki kiasi hichohicho, sukari kijiko kimoja, sosi ya soya nusu kijiko, mafuta ya ufuta kijiko kimoja, na punje ndogo ya kitunguu saumu iliyopondwa. Ukipenda rangi na ukali zaidi, tia nusu kijiko cha gochugaru, ile pilipili nyekundu ya kusaga. Koroga, uiache dakika 10 sukari iyeyuke na pilipili ilainike. Gochujang imetengenezwa kwa pilipili, mchele unaonata, unga wa soya iliyochachushwa na chumvi, na kila kampuni ina utamu wake, kwa hiyo onja kabla ya kumimina sukari yote. Ionje ukijua kwamba tambi zitaipunguza makali: ikiwa sawasawa kabisa kwenye kijiko, kwenye bakuli itapooza. Huna siki? Ndimu inafaa, na kwa ulimi uliozoea achari ya ndimu huenda ikapendeza zaidi.

Sasa tambi. Bandika maji mengi, lita moja au zaidi kwa kila mtu. Usitie chumvi, maana unga wa somyeon umeshakandwa na chumvi ya kutosha. Usitie mafuta pia, sosi haitashika. Wakati maji yanachemka, weka chujio kwenye sinki na bakuli la maji ya barafu pembeni. Maji yakitokota kwelikweli, zitawanye tambi kuzunguka sufuria, uzikoroge mara moja zisishikane. Baada ya muda mfupi povu jeupe litapanda kwa kasi hadi ukingoni. Wengi hapa wanapunguza moto. Wewe uache moto ulivyo, mwagia kikombe kidogo cha maji baridi. Povu linashuka, nje ya tambi panapata kukaza kidogo huku ndani panaendelea kuiva. Likipanda tena, mwagia tena. Likipanda mara ya tatu, zima. Yote hayo ni dakika 3 hadi 4. Kama una shaka, toa uzi mmoja, uchovye kwenye maji baridi, uukate kwa meno: ukiona nukta nyeupe katikati, ngoja nusu dakika.

Mwaga kwenye chujio na ufungue bomba papo hapo. Maji ya kwanza yatatoka meupe, na ukizigusa tambi utahisi utelezi. Utelezi huo ni wanga, na ndio unaogeuza bakuli zima kuwa donge. Wageni wengi wanazipitishia maji mara moja, wanaona zimepoa, wanaridhika. Hapana. Ingiza mikono yote miwili, zishike tambi kati ya viganja, zisugue na kuzikamua kama unavyofua leso laini. Usiogope, hazikatiki kama zimeiva sawasawa. Mwaga maji, weka mengine, sugua tena. Kwa kawaida maji ya tatu yanakuwa safi, lakini usihesabu maji, sikiliza vidole: utelezi ukiisha, kila uzi unajitenga na mwenzake na ukiubonyeza unarudi. Hapo ndipo unazitumbukiza kwenye bakuli la barafu. Usiiruke barafu, kwa sababu maji ya bomba wakati wa kiangazi yanatoka vuguvugu, na vuguvugu haliwezi kuzikaza tambi. Nusu dakika inatosha.

Kisha kamua. Chota fungu, lizungushie vidole liwe kisongo, libane maji yatoke, liweke chujioni, chota lingine. Wanaopika vizuri hapa Korea utawaona wanapanga visongo hivyo vidogo chujioni kwa utulivu kabisa, na si kwa urembo tu. Maji yanayobaki kwenye tambi yanakwenda kuzimua sosi yako, na ile ladha uliyoisawazisha kwa uangalifu inageuka kuwa maji mekundu.

Tia tambi kwenye bakuli pana, mimina robo tatu ya sosi, changanya kwa mkono wenye glavu ya plastiki. Vijiti haviwezi kuifikisha sosi ndani ya kisongo. Onja, kisha amua kuhusu robo iliyobaki. Juu yake weka kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa pilipili, ikiwa imekatwakatwa, tango lililokatwa vijiti vyembamba, nusu yai la kuchemsha na ufuta wa kukaanga. Kimchi iwe ile iliyokaa ikachacha hadi ina ukali wa kuvuta pua. Ile mbichi ya juzi haifanyi kazi hapa. Goshiwon nyingi zinawapa wapangaji wali na kimchi bure, na mara nyingi kimchi hiyo imechacha vilivyo. Watu wanailalamikia, kumbe ndiyo hasa inayotakiwa. Kijiko kimoja cha maji yake ukikitia kwenye sosi, utaona tofauti. Ukiwa na gim, zile karatasi nyeusi za mwani, zivunjevunje juu mwishoni kabisa zisilowane. Mwani huu si wa aina ile inayolimwa Paje na Jambiani kwa ajili ya viwanda. Huu unakaushwa na kuliwa moja kwa moja.

Kula hapo hapo. Usifungashe kwenda nazo chuo wala kazini, kwa sababu baada ya nusu saa zinavimba na kukatikakatika. Ukitaka chakula cha kubeba, beba kimbap, wali uliofungwa kwa gim.

Kwa Waislamu nina neno la ziada, kwa kuwa swali hili linaulizwa kila msimu. Bakuli la bibim guksu halina nyama, lakini usifumbe macho. Gochujang nyingi za kiwandani, na baadhi ya sosi za soya, zimetiwa alkoholi ya kuhifadhia. Geuza kopo, tafuta neno 주정, yaani jujeong. Zipo zenye nembo ya halali, hata ya shirikisho la Waislamu wa Korea, na maduka ya mtaa wa Itaewon karibu na Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, ndiko pa kuanzia kuzitafuta. Kama uko mji wa mbali, agiza kwa mtandao. Kimchi kwa kawaida ina kamba wadogo waliotiwa chumvi au sosi ya samaki, kwa hiyo asiyekula vitu vya baharini atafute iliyotengenezwa bila hivyo. Na asiyeweza pilipili kabisa, au mwenye watoto, achanganye tambi hizohizo na sosi ya soya, mafuta ya ufuta, sukari kidogo na ufuta mwingi. Watoto wanazimaliza.

Mkishaizoea hii, mtataka naengmyeon, na ni haki yenu, maana ndiyo tambi baridi maarufu kuliko zote. Ila msidanganyike kwamba ni jambo la dakika 20 kuanzia mwanzo. Mchuzi wake wa asili ni wa nyama iliyochemshwa polepole, mara nyingi ukachanganywa na maji ya dongchimi, kachumbari ya figili nyeupe ya majira ya baridi. Chakula chenyewe kilikuwa cha baridi: maandishi ya mwaka 1849 kuhusu desturi za Korea yanakitaja kuwa chakula cha mwezi wa 11 wa kalenda ya mwezi. Pyongyang, Korea Kaskazini, wanatumia tambi za buckwheat, aina ya nafaka, zenye mchuzi mweupe mpole, na mji wa Hamhung, huko huko kaskazini, wanatumia za wanga zinazovutika, zenye sosi kali. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 vilipowaleta watu wa kaskazini kusini, walikuja na mapishi yao, na mpaka leo kuna mikahawa Seoul inayoheshimika kwa sababu hiyo. Mnamo Aprili 2018, viongozi wa Korea mbili walipokutana Panmunjom, mpakani, naengmyeon ya Pyongyang iliandaliwa mezani, na watu wa Seoul wakapanga foleni ndefu mchana huo nje ya mikahawa yao kutafuta bakuli kama hilo. Siku hizi bakuli moja mkahawani Seoul linapita won 10,000, na nawashauri mlile angalau mara moja, mwonje mchuzi mtupu kabla ya kutia chochote.

Nyumbani, nunua pakiti ya kwenye friji la dukani yenye tambi na mchuzi wake. Mchuzi uweke kwenye friza saa mbili au tatu, hadi ukiubonyeza usikie chembe za barafu ndani. Tambi zake ziachanishe kwa vidole zikiwa bado kavu, zichemshe chini ya dakika moja, kisha zioshe vilevile nilivyoeleza, kwa mikono miwili. Siki na haradali unatia mezani mwenyewe, kidogokidogo. Zikikushinda kuzikata kwa meno, mkasi ni adabu ya kawaida kabisa. Mchuzi huwa wa ng'ombe, kwa hiyo wasiokula nyama isiyo halali wasome pakiti. Na yeyote mwenye mzio wa buckwheat asiguse kabisa, kwa kuwa mzio huo unaweza kuwa mkali sana.

Yangu mwenyewe ya kiangazi, kwa siku ambazo hata pilipili siitaki, ni kongguksu ya haraka, tambi kwenye mchuzi baridi wa soya. Ile ya asili inahitaji kuloweka soya usiku, kuchemsha, kumenya na kusaga. Njia ya mkato ni kusaga kwenye blenda tofu gramu 150, kikombe kimoja cha maziwa ya soya na kijiko cha karanga zilizokaangwa, mpaka iwe laini kabisa. Chunga maziwa ya soya: mengi ya kwenye boksi yametiwa sukari, tafuta yaliyoandikwa 무가당. Poza mchuzi huo kwenye friji, mimina juu ya somyeon zilizooshwa na kukamuliwa, weka tango na vipande vya barafu, tia chumvi mezani. Watu wa eneo la Jeolla, kusini-magharibi, wanatia sukari, na aliyezoea tambi tamu za futari hatashangaa. Mchuzi ukibaki, ufunike, urudishe friji na uumalize kesho yake, kwa sababu soya inachacha haraka kipindi hicho.