Siku za Mwisho za Mbwa na Paka: Madaktari Wetu Wanajibu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mnyama wa nyumbani amezeeka au anaugua, atunzwe vipi, na kama ni kufa, afe bila mateso. Tumechagua tano.

SWALI: Mbwa wetu ana miaka 13. Miguu ya nyuma imelegea. Leo anacheza, kesho hainuki. Nitajuaje kuwa wakati umefika? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Pole sana. Siku moja nzuri huwasahaulisha watu siku nne mbaya, ndiyo maana tunakusihi uandike. Mwaka 2004 Dkt. Alice Villalobos wa Marekani alitoa kipimo cha mambo saba: maumivu pamoja na upumuaji, kula, kunywa, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo lipe alama 0 hadi 10, 10 ikiwa ni hali njema kabisa. Jumla ikizidi 35, endelea kumtunza. Ikishuka na kubaki chini, kaa na daktari. Apime mtu yuleyule, saa ileile.

Sisi upumuaji tunauweka mbele ya jumla yoyote. Mhesabu pumzi akiwa usingizini: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikizidi 30 kwa dakika, na ukirudia kuhesabu bado ni hivyo, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Usisubiri alie. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu hulia mara chache. Utamwona anahema bila joto, analamba kiungo kimoja, anahamahama usiku. Mtandikie godoro nene, weka mkeka usioteleza juu ya vigae, na kama hainuki mgeuze kila baada ya saa nne. Kagua viwiko na nyonga kila siku, na mkaushe mkojo mapema: nzi wakitaga kwenye manyoya yaliyolowa, funza huwa wameingia kwenye ngozi ndani ya siku moja au mbili. Ibuprofen na diclofenac za binadamu usimpe kabisa, zinachimba vidonda tumboni na kuua figo. Mwombe daktari dawa ya maumivu iliyopimwa kwa kilo zake.

SWALI: Mbwa jike wangu anatoka damu sehemu za siri na kuna nyama nyekundu imeota. Nimeambiwa ni kansa, achomwe sindano ya mwisho. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Subiri kwanza! Kwa mbwa wanaozurura katika miji yetu, uvimbe wa aina hiyo mara nyingi ni kansa inayoambukizwa kwa kupandana, na hii ni moja ya kansa chache zinazopona vizuri. Daktari huchukua chembe kidogo na kuzitazama kwa hadubini. Ikithibitika, hutoa vinkristini, dawa ya kansa, kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, huku akipima chembe nyeupe za damu. Dawa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo si kazi ya kujaribu nyumbani. Mkojo na kinyesi chake vishikwe kwa glavu, na mjamzito asivishike kabisa.

SWALI: Paka wangu wa miaka 15 figo zimechoka. Nimefundishwa kumwekea dripu chini ya ngozi, lakini naogopa. Na nimpe Panadol kidogo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Panadol hapana, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Dripu usiiogope. Paka wa kilo 4 kwa kawaida hupewa kama mililita 100 za Ringer (maji ya dripu yenye chumvichumvi), kwa ratiba ya daktari wako. Tumbukiza mfuko kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, kwa sababu kinachowakimbiza paka wengi ni ubaridi wa maji kuliko sindano yenyewe. Vuta ngozi ya katikati ya mabega iinuke kama hema dogo, ingiza sindano mpya sambamba na mgongo. Manyoya ya upande wa pili yakilowa, umetoboa hadi nje. Chomoa uanze upya. Donge la maji likiteremka hadi mguu wa mbele ni kawaida. Lakini donge la jana likiwa bado lipo, au akipumua haraka, usiongeze: maji yanaweza kujaa kifuani. Na akigoma kula siku mbili licha ya dawa ya kichefuchefu, huku dripu haimwinui tena, kwa maoni yetu kuendelea ni kumrefushia kufa.

SWALI: Sindano ya mwisho yenyewe inafanyikaje? Atasikia nini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Utasaini fomu ya ridhaa, na malipo yamalizwe mapema ili usiitwe mezani ukiwa unalia. Sindano ya kwanza ni ya usingizi, kwenye msuli. Ndiyo pekee anayoisikia. Inachukua dakika 5 hadi 15, na wengine hutapika kidogo. Kaa upande wa kichwa chake, mshike, sema naye.

Kisha daktari ananyoa mguu wa mbele, anaweka kanula (mrija mwembamba unaobaki ndani ya mshipa) na kuijaribu kwa maji ya chumvi. Dawa ya mwisho ni pentobarbitali, nusukaputi inayotolewa kupita kiasi: kama miligramu 150 kwa kilo, yaani mbwa wa kilo 20 hupata mililita 15 za dawa yenye miligramu 200 kwa mililita. Fahamu zinapotea ndani ya sekunde, pumzi hukata, moyo husimama baada ya dakika chache. Kinachoharibika mara nyingi ni mshipa: mnyama aliyekaukiwa maji mishipa yake hulala, na dawa ikimwagika nje inachoma na kuchelewa. Ndiyo sababu ya kusisitiza kanula.

Baadaye macho hubaki wazi, mkojo unatoka, na anaweza kuvuta pumzi moja mbili za ghafla. Hajarudi. Waambieni watoto hayo kabla. Daktari asikilize moyo, aguse mboni, na arudie baada ya dakika tano.

SWALI: Kwetu dawa hiyo haipatikani, jirani anashauri sumu. Na mzoga tuutupe wapi? (Msomaji, Singida)

JIBU: Sumu hapana. Dawa ya kuogeshea ng'ombe humkakamaza kwa degedege, na nyingi za dawa za panya humvujisha damu kwa siku kadhaa. Mtafute daktari wa mifugo wa wilaya. Anaweza kumzimisha kwa dawa za usingizi, zailazini na ketamini, ambinye kidole kwa nguvu kuhakikisha hajibu, ndipo atoe potasiamu kloridi, inayosimamisha moyo, kwenye mshipa. Potasiamu kwa mnyama mwenye fahamu ni ukatili, hivyo uliza wazi: ameshazimika?

Mzoga usiende jalalani. Kama alipewa pentobarbitali, dawa hiyo hukaa ndani yake kwa miezi, na tai, fisi au mbwa wakiula wanakufa. Mkunje miguu mapema, kwani mwili hukakamaa ndani ya saa chache. Mfunge kwa shuka la pamba, shimo liwe na kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima, na mawe juu.

Kama alimng'ata mtu ndani ya siku 10 zilizopita, mwambie daktari kabla ya sindano. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji dakika 15 na aende hospitali bila kungoja. Kichwa cha mbwa kisipigwe wala kisizikwe kwanza, maana kichaa cha mbwa hupimwa kwenye ubongo.