Kwa mwanangu, kuhusu dozi ya pili

Mwanangu,

Umeniuliza mambo matatu kwa mpigo, na ulivyoyapanga naona si ya kichwa chako peke yako; yamezunguka kwenye magrupu ya huko kazini, yakakufikia yamekwisha kunolewa. La kwanza, kama chanjo ya surua inafanya kazi, mjukuu wangu aliyechomwa akiwa na miezi 9 anaitwa tena ya nini akiwa na miezi 18? La pili, wewe uliumwa korona, ukachanjwa, ukaumwa tena. Sasa hiyo sindano ilikuzuia nini? La tatu ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia: eti kinga ya asili ndiyo kinga ya kweli, watoto waachwe waugue wapone kama walivyougua wazee wetu.

Naanza na hilo la tatu, kwa kuwa lina ukweli ndani yake, na wanaolipinga mara nyingi wanalipinga vibaya. Kinga ya kuugua ipo, na kwa surua ni ya maisha. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini ya bahari ya Atlantiki, ambako haikuwa imeonekana tangu 1781. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, akatumwa kwenda kuchunguza. Kati ya watu karibu 7,800 waliugua zaidi ya 6,000. Lakini wale wazee waliougua surua ya 1781 wakiwa watoto, Panum hakumkuta hata mmoja aliyeugua tena, na ilikuwa imepita miaka 65. Kwa hiyo anayekuambia mwili una kumbukumbu hajakudanganya.

Anachoficha ni bei. Kinga hiyo unailipia kwanza ndipo uipate, na anayelipa ni mtoto. Wewe hujaona wodi ya surua, maana umekua chanjo ipo. Mimi nimeiona. Mtoto macho mekundu hayataki mwanga, mdomo vidonda vitupu hata ziwa analikataa, kifua kimebanwa na nimonia. Tulikuwa tunakata kwa mkasi ncha ya kile kidonge laini cha vitamini A, cha bluu kwa asiyetimiza mwaka, chekundu kwa aliyezidi, tunamkamulia mdomoni, kwa sababu surua huimaliza vitamini hiyo mwilini na kuna wanaopofuka. Waliopona ndio wanaokuambia leo kwamba surua ilikuwa ugonjwa wa kawaida tu. Waliokufa hawamo kwenye grupu.

Na kuna jambo ambalo wazee wetu hawakuwa na namna ya kulijua. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, iliyopimwa kabla ya kuugua surua na baada ya kupona. Ugonjwa ulikuwa umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili, yaani askari wa damuni, walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Chanjo haikufanya hivyo. Mtoto anatoka na kinga ya surua, huku nyingine alizokwisha kuzihangaikia zimepotea.

Isitoshe, si kila ugonjwa unalipa. Pepopunda haikupi kinga kabisa: sumu yake ni kali mno, kiasi kile kidogo kinachotosha kumuua mtu hakitoshi kuushtua mwili ukaijua. Aliyepona pepopunda bado inabidi achanjwe. Malaria nayo inatoa kinga ya kukaa nayo karibu tu. Mjomba wako ni mtu wa Muheza, amekulia kwenye mbu, lakini aliporudi likizo kutoka Muscat baada ya miaka mingi, malaria ilimlaza kitandani wakati nyumba nzima wengine wanachapa kazi. Mwili uliacha kukutana na vimelea, ukaacha kujihami. Basi mtu akikwambia "kinga ya asili" bila kutaja ugonjwa gani, mwulize kwanza.

Sasa mjukuu wangu. Dozi ya pili ya surua kazi yake kubwa si kuongezea nguvu kinga iliyochakaa. Imewekwa kwa ajili ya watoto ambao ya kwanza haikuwashika. Katika miezi 9 baadhi ya watoto bado wana kingamwili walizopewa na mama zao wakiwa tumboni, na hizo huimaliza chanjo kabla mwili haujaisoma. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo, kama 85 wanashika kinga. Hao 15 waliobaki huwezi kuwajua kwa kuwatazama, kwa hiyo wanaitwa wote tena, na baada ya dozi mbili waliokingwa huzidi 95. Utauliza kwa nini tusisubiri akue tumpe moja tu ya uhakika. Nchi ambazo surua ni adimu zinasubiri, zinaanza mwaka ukitimia. Huku kwetu ukisubiri, surua inamkuta mtoto kabla yako. Tanzania ilianza kutoa dozi ya pili kwa utaratibu wa kawaida mwaka 2014, ndiyo maana kwenye kadi yako ya utotoni hutaiona.

Kuna na mambo ya jokofu. Chanjo ya surua ni unga mkavu. Unauchanganya na maji yake maalumu, na ukishauchanganya una saa 6, dozi zinazobaki unamwaga. Chupa moja ya dozi 10, watoto wawili wamefika: ndipo muuguzi anapomwambia mama "njoo Alhamisi", mama anasonya, na namwelewa, kwa sababu ametembea. Kwenye chupa kuna duara lenye rangi, ndani yake mraba mweupe. Chanjo ikipigwa na joto mraba unaanza kukolea. Ukifikia rangi ya duara, chupa hiyo haimgusi mtoto. Nikiwa kazini nilikuwa naukagua ule mraba kabla sijamtazama mtoto usoni. Anayesema chanjo ni ileile popote hajawahi kulala macho umeme umekatika na jokofu la zahanati limejaa.

Umeniambia pia kwamba surua ilipozuka shule fulani, wengi walioumwa walikuwa wamechanjwa. Huenda ni kweli kabisa, na bado chanjo ikawa inafanya kazi. Chukua kalamu. Watoto 100 darasani, 95 wamepata dozi moja, 5 hawajapata kitu. Kati ya hao 95, asilimia 15 chanjo haikuwashika: hao ni kama 14. Surua ikiingia ikampata kila asiye na kinga, wataugua 14 waliochanjwa na 5 wasiochanjwa. Mtu atatangaza kwamba waliochanjwa ndio wengi wodini. Hatakwambia kwamba waliochanjwa 81 wako nyumbani wanacheza, na wasiochanjwa wameugua wote.

Korona ni habari nyingine, na hapa sitawatetea wakubwa. Serikali iliacha kutangaza takwimu mwaka 2020, wagonjwa wakiwa 509 na vifo 21. Mwanzoni mwa 2021 kila tangazo la msiba lilisema changamoto ya upumuaji, sisi tunapiga nyungu, na viongozi wanatuambia chanjo hatuzihitaji. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera na chanjo za Janssen zikasambazwa mikoani. Mtu akiuliza kilichobadilika ni nini kati ya Februari na Julai, ana haki ya kuuliza. Huko nje nako waliahidi kupita kiasi. Julai hiyohiyo Rais Biden wa Marekani alisema hadharani kwamba ukichanjwa hupati korona. Watu wakachanjwa, wakapata.

Lakini tazama takwimu zenyewe zilisema nini. Kwenye majaribio ya Pfizer mwaka 2020 walikuwamo watu zaidi ya 43,000, nusu wakapewa chanjo, nusu maji ya chumvi. Waliougua kwa dalili walikuwa 8 upande wa chanjo na 162 upande wa pili. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 95 iliyotangazwa: waliochanjwa waliugua pungufu kwa asilimia 95 kuliko wasiochanjwa. Haikuwa na maana kwamba watu 5 katika kila 100 waliochanjwa wataugua, wala haikuwa ahadi ya miaka. Ilikuwa hesabu ya miezi michache, dhidi ya kirusi cha wakati ule. Novemba 2021 kikatangazwa kirusi cha korona cha aina mpya, Omicron, kimejibadilisha mno. Uingereza walipopima, dozi mbili za Pfizer zilizuia dalili za Omicron kwa asilimia kama 65 wiki za mwanzo, na baada ya wiki 25 chini ya 10. Dozi ya nyongeza ikapandisha hadi 67 hivi, na baada ya wiki kumi ikawa imeshuka hadi kama 46. Anayesema kinga dhidi ya maambukizi ilipungua upesi anasema kweli. Kinga dhidi ya kulazwa na kufa ilidumu zaidi sana, na hiyo ndiyo kazi sindano yako ilikuwa inakufanyia.

Kwa nini surua mtu akipata kinga amemaliza, na korona inarudi? Kirusi cha surua hakibadiliki sura kwa namna ya kukikwepa kinga. Pia kinakwenda polepole: tangu kikuingie hadi uugue ni siku 10 hata 14, kikitambaa mwilini kupitia damu. Muda huo seli zenye kumbukumbu zinaamka, zinazalisha kingamwili, zinakiwahi. Omicron inakuangusha baada ya siku tatu hivi, na inaanzia puani na kooni, mahali ambapo kingamwili hupungua baada ya miezi michache. Kumbukumbu inaamka umeshaanza kupiga chafya. Inachowahi ni mapafu. Ndiyo maana mara ya pili ulilala siku mbili ukaomba uji wa pilipili manga, na mara ya kwanza tulikuwa tunahesabu pumzi zako.

Na hapo sindano siwezi kuipa sifa zote, kwa sababu kuugua kwako kwa kwanza nako kulichangia. Taasisi ya CDC, ya kudhibiti magonjwa Marekani, ilichapisha Januari 2022 takwimu za California na New York: wakati wa Delta, aina ya kirusi iliyotangulia Omicron, waliokwisha kuugua bila kuchanjwa walipata maambukizi kidogo kuliko waliochanjwa bila kuugua. Waliokuwa na vyote viwili ndio waliopata kidogo kuliko wote. Hayo yalitoka serikalini kwao, hayakuvujishwa na mtu. Ulaya hata cheti chao cha korona kilimkubali aliyeugua akapona, kwa siku 180. Marekani kwenye amri zao za kulazimisha chanjo kazini hawakukubali, na mimi naona walikosea, maana walimfanya mtu mwenye hoja ya kweli aonekane mpotoshaji, naye akaondoka akaenda kuwasikiliza wapotoshaji wenyewe. Kwetu Afrika, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hadi Septemba 2021 watu wapatao 65 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kukutana na kirusi. Hizo kinga zilipatikana, na makaburi yake tunayajua.

Usidhani pia kwamba kazi ya wataalamu ni kuongeza dozi tu. Mjomba wako ile kadi ya njano alikuwa akichanjwa upya kila miaka 10 ili asafiri. Utafiti ukaonyesha dozi moja ya homa ya manjano inatosha maisha, na tangu Julai 2016 kadi haiishi muda. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi hapa kwetu ilianza kwa dozi mbili. Utafiti uliofanyika Kenya ukasaidia kuonyesha moja inakinga vizuri, na sasa mabinti zetu wanachomwa mara moja.

Basi jibu lako wewe: una umri wa miaka thelathini na kitu, huna kisukari wala presha, umeugua mara mbili na umechanjwa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2023 hauwahimizi watu kama wewe kurudia rudia dozi za korona, na mimi sikuhimizi. Bibi yako ni mwingine. Ana sukari, ana miaka mingi, na ushauri uleule unamtaja yeye kuwa wa kwanza kupewa nyongeza, baada ya miezi 6 au 12. Ukija mwisho wa mwezi umpeleke kliniki yake ya kisukari, uwaulize kama ipo. Usimwulize yeye, atakwambia amechoka na sindano.

Mtoto hana mjadala, aende. Mwambie mkwe wangu abebe kadi na asisahau kusema kama mtoto anatumia dawa yoyote. Mafua madogo hayamzuii kuchanjwa. Na msikeshe usiku uleule kusubiri homa. Chanjo hii homa yake huja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mwingine na vipele vichache, mkiwa mmeshasahau kwamba alichomwa. Mpeni parasetamo kwa uzito wake na maji ya kutosha. Ikizidi siku mbili, au akikataa kunyonya, mpelekeni akapimwe malaria, msije mkaisingizia chanjo huku mbu ndiye aliyefanya kazi.

Mama yako