Perege kufa baada ya kurudishwa majini

Mdogo wangu, unauliza kwa nini perege unaowavua kwa ndoano bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwarudisha wanaelea tumbo juu jua la Januari. Ni joto: maji yakipata moto oksijeni hupungua, na samaki aliyepigana na mshipi anaihitaji zaidi. Toka Moshi usiku, uvue alfajiri, uache jua likianza kukaza. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Mikavu humtoa ute unaomkinga. Matamvua anayopumulia usiguse. Akimeza ndoano, kata mshipi, usivute. Jike huatamia mayai mdomoni, ukimnasa nayo mwachie hapo hapo. Kama ni kitoweo, chukua wako wawili uondoke; kuwavua wa kupiga nao picha tu ndiko kunakoniudhi. Na muulize afisa uvuvi kwanza, bwawa limewahi kufungwa samaki wazaliane.