Kuku akianza kulalia, hangaika naye yeye, si mayai

Kishingo wangu, kuku wa shingo isiyo na manyoya, wa kwanza kulalia nilimpa mayai 17. Nilikuwa mgeni wa ufugaji, ndiyo kwanza nimehamia pembeni ya mji wa Morogoro, na hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mayai mengi, vifaranga wengi. Alitotoa watano. Mayai yalikuwa yanamtoka pembeni, anayavuta ndani kwa mdomo, mengine yanatoka upande wa pili, mpaka karibu yote yakapoa kwa zamu.

Safari ya pili nikampa 11, nikajiona nimeelimika. Siku ya 16 nikamkuta amesimama mlangoni mwa banda, hataki hata kukitazama kiota. Nikaingiza mkono kugusa mayai, ya baridi kama mawe ya mtoni. Nilipoutoa, ngozi ilikuwa inatambaa mpaka kiwikoni. Utitiri! Kuku wa watu alikuwa ananyonywa damu usiku na mchana, na mimi kila asubuhi nachungulia mayai, nayahesabu, naondoka nimeridhika. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwinua nikamtazama chini ya mbawa.

Tangu hapo mtu akiniuliza amfanyeje kuku aliyeanza kulalia, mayai nayaacha mwisho. Kuyapa joto na kuyageuza anajua, tena bila saa wala kipimajoto. Asichoweza ni kujipaka dawa, kujiletea maji na kupambana na nyoka.

Anza na kiota. Pale alipokuwa akitagia siku zote ndipo utitiri ulipojenga, kwa hiyo nyasi zile kachome moto. Mimi natumia boksi la mbao lenye mdomo mpana. Chini naweka udongo mkavu, naubonyeza katikati kama bakuli ili mayai yasitawanyike, juu yake majivu ya jikoni yaliyopoa na kuchekechwa, kisha nyasi kavu. Kuku mwenyewe anapakwa dawa ya unga ya utitiri siku mbili tatu kabla ya kuwekewa mayai, chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya haja. Inunue duka la dawa za mifugo na usome kipimo kwenye kopo. Dawa ya kupuliza nyanya si dawa ya kuku, hata muuzaji akuapie.

Mama mkwe wangu huongeza kipande cha mkaa kiotani, eti radi isiue vifaranga ndani ya mayai. Sijawahi kuona mkaa ukifanya kazi yoyote, wala sijawahi kuutoa.

Chanjo ya kideri, ule ugonjwa ambao wengine huuita mdondo, awe ameshapata kabla. Ile chanjo iitwayo I-2 ni tone moja tu jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3, kwa hiyo ukiwa na kalenda ukutani huna sababu ya kumvuruga akiwa juu ya mayai.

Kumhamisha kutoka anapotagia kwenda kwenye boksi, fanya usiku. Mchana atarudi alikotoka, na utamrudisha mpaka uchoke wewe. Nampa kwanza mayai mawili ya mtego, yale nisiyoyajali. Akiyakalia siku mbili bila kuhama, usiku unaofuata nayatoa na kumwekea ya kweli, 10 hadi 12 kwa kuku wa kienyeji wa wastani. Yawe yametagwa ndani ya siku 7 hadi 10, yamehifadhiwa mahali penye ubaridi, ncha nyembamba chini, hayajaoshwa wala kuingia kwenye friji. Na yawe yametoka kwenye banda lenye jogoo, maana kuna watu bado wanawalazia kuku mayai ya kisasa ya dukani halafu wanamlaumu kuku. Kila yai lichore mstari wa penseli. Wenzake watakuja kumtagia humo humo, na yai lisilo na mstari unalitoa siku hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe, ambayo wengi wanairuka: kumtoa kiotani mara moja kwa siku. Wapo wanaojitoa wenyewe. Ila yule mama bora kupita kiasi hatoki, anakonda pale pale, kilemba kinapauka, na unaweza kumkuta amekufa juu ya mayai. Huyo mwinue. Usimvute. Pitisha vidole polepole chini ya kila ubawa kwanza, kwa sababu mara nyingi kuna yai amelibana humo, na ukimnyanyua haraka litadondoka juu ya mengine. Mweke chini. Atabaki amelala kama donge la ugali, utadhani amepooza. Baada ya dakika moja atasimama, atajikung'uta, kisha atatoa kinyesi kikubwa chenye harufu ya kukufukuza uwanjani. Ukikiona, furahi. Kisingetoka pale kingetoka juu ya mayai.

Mpe mtama au mahindi makavu yaliyoparazwa, si pumba za kulowanisha, maana nafaka inakaa tumboni na kinyesi kinakuwa kigumu. Maji safi, na pembeni rundo la vumbi lililochanganywa na majivu ajigaragaze. Dakika 15 hadi 20 zinamtosha.

Jirani yangu alinikuta siku moja nimembeba, akasema, "Shoga, mwache kuku wa watu, atasusa mayai." Nikamwambia asubiri. Kuku akala, akanywa, akaoga vumbi, akarudi mbio mabawa wazi, lakini akaingia boksi la mwenzake lililokuwa tupu na kutulia humo kwa amani zote. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo sitoki bandani kabla sijaona amekalia boksi lake.

Siku ya 7 usiku, pima mayai kwa tochi ya simu kupitia tundu kwenye kipande cha boksi. Lenye uhai lina mishipa myekundu iliyosambaa kama mizizi kutoka kwenye doa jeusi. Linalong'aa tupu halina mbegu, litoe. Rudia siku ya 14 kama una moyo.

Kuanzia siku ya 18 ondoa mikono. Chakula na maji msogezee karibu, basi. Hesabu haikupotezi: mayai ya Jumapili jioni hutotolewa Jumapili ya tatu, siku ya 21, moja mbele au moja nyuma. Siku ya 20 ukitega sikio utasikia sauti ndani ya mayai, na mama naye anazijibu kwa sauti ya chini ambayo haitoi wakati mwingine wowote. Kifaranga akishatoboa anaweza kukaa karibu siku nzima kabla hajatoka. Usimsaidie. Niliwahi kumbandulia mmoja ganda nikiona nafanya wema, damu ikachuruzika kwenye utando, akafa kiganjani mwangu.

Wakianza kutoka, usikimbilie kuwalisha. Kiini walichokinyonya kabla ya kuanguliwa kinawatosha kwa siku ya kwanza, na ukimshusha mama mapema, mayai yaliyochelewa yanapoa. Wakishakauka wote ndipo uwashushe, na chombo chao cha maji kiwe sahani ya kina kifupi iliyojazwa changarawe. Kwenye bakuli la kawaida mwaka jana wawili walizama asubuhi ya kwanza.

Yaliyobaki baada ya siku mbili ni viza. Yachukue kwa mkono mwepesi, nenda nayo nyuma ya nyumba, chimba shimo, fukia. Usiyatupe jalalani. Moja lilipasuka kwenye ndoo wakati naitembeza, na kitenge kile nilikifua mara nne.