Gari la sloti likichoka upande wa mbali wa barabara, anza na viungo

Ndugu uliyeuliza kwa nini gari lako la sloti, lile la kuchezea linalofuata mfereji wa barabara na kula umeme wa reli zake, linakimbia vizuri karibu na adapta kisha linachoka upande wa mbali, usinunue mota bado. Jaribu gari la pili kwenye leni hiyohiyo. Likichokea hapohapo, tatizo ni reli. Mota mbovu huchoka kila mahali.

Umeme hupotea kwenye viungo vya reli, na kupima bila mzigo, yaani bila kitu kinachotumia umeme, kutakudanganya: kiungo chenye kutu huonyesha volti kamili kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Chukua balbu ndogo ya pakingi ya gari, volti 12 wati 5, maduka ya spea Kirinyaga Road, Nairobi, yanazo. Iunganishe kwenye reli mbili za leni hiyo pale gari linapochoka, bonyeza kontrola (kile cha mkononi cha kuongeza mwendo) hadi mwisho, kisha weka ncha moja ya multimita (kipima umeme) ikiwa kwenye volti, upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, reli ileile. Usomaji uwe karibu sifuri. Ukiona volti 0.2, umemkamata mwizi.

Zima umeme, tenganisha vipande, sugua kutu kwa msasa namba 1000, pangusa kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya vidonda haifai, nyingine ina mafuta yanayobaki kwenye reli. Ulizia maduka ya elektroniki Luthuli Avenue. Vile vilimi vya chuma vinavyoshikana, vibane kidogo kwa koleo. Tafadhali usiguse steelwool ya sufuria: nyuzi zake huleta shoti mferejini, na sumaku ya mota huzivuta ndani.

Viungo vikiwa safi na bado gari linachoka, barabara ni ndefu mno kwa sehemu moja ya kuingizia umeme. Vuta waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 kutoka pale adapta inapoingia hadi upande wa pili, waya mmoja kwa kila reli, ulehemu chini ya kipande. Kila waya urudi kwenye reli ileile ulikotoka. Penye kipande cha kupishanisha leni usikisie, fuata kwa multimita umeme ukiwa umezimwa. Ukichanganya ni shoti. Lehemu haraka, plastiki huyeyuka. Reli za seti za chapa ya Carrera ni za chuma cha pua na hazishiki risasi ya kulehemu kwa urahisi, kwa hizo tafuta kipande cha ziada cha kuingizia umeme.

Kwenye gari, angalia misuko ya shaba chini ya pua, ndiyo inayochukua umeme kwenye reli. Ichanue ilale bapa juu ya reli. Ukiikunja chini sana huinua pua, na gari linaruka kwenye kona.

Mwisho, soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka. Seti nyingi kuukuu kutoka Marekani zina transfoma ya volti 120 tu, na kwa 240 za hapa itaungua. Iliyoandikwa 100–240 haina shida.